Gauni Lisilohitaji Kupunguzwa: Mafunzo Niliyopata Nikiwa Msaidizi wa Kisheria

Mimi ni fundi cherehani. Usaidizi wa kisheria niliuingia ukubwani, mwaka 2018, baada ya mafunzo ya wiki chache yaliyoletwa katani kwetu, mkoani Tanga. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilikuwa imepitishwa mwaka uliotangulia, na kwa mara ya kwanza watu wa aina yangu tukatambuliwa. Ninaruhusiwa kuelimisha, kuelekeza, kusaidia kuandika barua na kumsindikiza mtu. Siruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea, wala kumtoza hata shilingi. Cherehani ndiyo inayonilisha. Haya ninayoyaandika nimeyaokota njiani, mengi kwa kukosea.

1. Kibao kilipong'oka, wanawake wakaja

Nilipewa kibao cha bati kilichoandikwa MSAADA WA KISHERIA BURE, nikakipigilia juu ya mlango kwa fahari. Ikapita miezi minne. Walikuja wazee wawili wenye ugomvi wa mpaka wa shamba la minazi, na kijana aliyenyang'anywa bodaboda na tajiri yake. Mwanamke mwenye shauri la kupigwa hakuja hata mmoja, na mimi nilikuwa nawajua kwa majina wanaopigwa mtaani kwetu.

Siku moja upepo wa kusi ukaking'oa. Nikawa mvivu kukirudisha. Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja muuza maandazi na gauni mkononi. "Fundi, nipunguzie kiuno." Nikachukua futi, nikampima. Gauni lilikuwa linamkaa sawasawa, kama aliloshonewa jana. Nikamwambia, "Dada, hili halina cha kupunguza." Akaketi, akakunja gauni mapajani, akaanza kueleza.

Kumbe kibao kile kilikuwa kinatangaza siri ya kila atakayepita chini yake. Mbele ya baraza langu wanaume wanacheza bao kutwa nzima, na nusu yao ni mashemeji na wakwe wa mtu. Lakini nani atamuuliza mwanamke mbona anakwenda kwa fundi? Kibao nikakihifadhi uvunguni, na habari nikazipitisha kwa masomo, wale wanawake wanaowafunda wali. Mke akipata msiba wa ndani, somo ndiye anayeambiwa kwanza. Wako masomo wanaofundisha kuvumilia tu, nimegombana na wawili. Lakini wengi walikuwa wamechoka kumkanda mtu yuleyule kwa maji ya chumvi kila mwezi.

2. Saa zinahesabiwa tangu tukio, si tangu fomu

Mwaka wangu wa kwanza aliletwa kwangu dada wa kazi aliyebakwa na mwanaume wa nyumba aliyokuwa akiitumikia. Mafunzoni nilishika neno moja, PF3, fomu namba tatu ya polisi, ambayo bila hiyo watu wengi wanaamini daktari hamgusi mtu. Basi nikamkimbiza polisi. Mhusika wa Dawati la Jinsia na Watoto alikuwa safarini. Tukaambiwa tungoje. Tukangoja kwenye benchi mpaka jua linatua, yule binti kakunja mikono tumboni, kila anayepita anamtazama. Kesho yake tukarudi, fomu ikajazwa, mhuri ukatafutwa, mhuri ukapatikana.

Hospitali muuguzi akaniuliza tukio lilikuwa saa ngapi ya siku gani. Akahesabu vidoleni. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI hazina kazi zisipoanzwa ndani ya saa 72. Tulikuwa tumebakiwa na saa mbili. Alinitazama kwa jicho ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya.

Tangu siku hiyo tunagawana kazi. Mmoja anamshika mkono mwenyewe, wanakwenda hospitali moja kwa moja: dawa za kinga, vidonge vya kuzuia mimba ambavyo bado vina nafasi hadi siku ya tano, vipimo, uangalizi wa majeraha. Mwingine anakwenda polisi kufuatilia fomu. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono kazi ni nyepesi, maana polisi, daktari na ofisa ustawi wa jamii wanakutwa mahali pamoja, na mtu hasimulii jambo lilelile milango mitatu. Lakini vituo hivyo viko kwenye hospitali kubwa, na wengi wa wanaokuja kwangu wanatoka vijiji ambavyo gari ni moja, linaondoka alfajiri.

3. Fundi mzima, nikaozesha kanga

Hili ni la aibu kwa mtu wa kazi yangu. Yule binti alileta kanga na nguo ya ndani alizovaa siku ile. Nikazitia kwenye mfuko wa rambo, nikaufunga fundo, nikaona nimehifadhi ushahidi. Nguo ilikuwa na unyevu. Ilipofunguliwa siku kadhaa baadaye, ukungu ulikuwa umeota kama kwenye mkate. Ninawaonya wateja kila siku wasifungie nguo mbichi kwenye plastiki!

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na labda mimi peke yangu nilishangilia kwa sababu hiyo. Siku hizi ninaweka bahasha za kaki kwenye droo ya vifungo. Kila nguo bahasha yake, haifuliwi, haikung'utwi. Na ninaandika nani alimpa nani, lini, kwa sababu wakili wa upande wa pili ataulizia kila mkono uliopitia.

4. Haya ina lugha yake, na mahakama nayo ina yake

Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, umri wake umepita miaka sitini. Kijana wa jirani aliingia kwake usiku. Bibi alikwenda polisi mwenyewe kabla hata sijasikia, ndiyo maana namheshimu sana. Kesi ikafika mahakama ya wilaya. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mdogo, nadhifu, wa umri wa mjukuu wake. Akaanza kwa "Shikamoo, bibi," kisha akamwomba aieleze mahakama alifanyiwa nini.

Bibi akajibu, "Alinivunjia heshima."

"Kivipi, bibi?"

"Mwanangu, si nimesema? Alinivunjia heshima."

Kijana wa watu akageuka kwenye karatasi zake. Alikuwa anaona haya kuliko bibi. Sheria ya kubaka inadai ithibitike kwamba mwanaume alimwingilia mwanamke, hata kama ni kidogo kiasi gani. Heshima inavunjwa kwa njia nyingi: kwa tusi, kwa kofi, kwa kuvuliwa mtandio. Bila maelezo zaidi, kesi ilikuwa inakwenda kuzama kwenye neno la adabu.

Nilikuja kujifunza kwamba majaji wetu wameliona jambo hili. Katika shauri la Selemani Makumba, lililoripotiwa mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa ni ule unaotoka kwa mwathirika mwenyewe. Kwa msimamo huo, na kwa kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, neno la mwanamke mmoja linaweza kumtia mtu hatiani hata pasipo shahidi mwingine, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli. Ni silaha kubwa. Nimeona kesi ambazo PF3 iliondolewa kabisa kwenye kumbukumbu kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, na bado shauri likasimama kwa miguu ya mama aliyeeleza vizuri. Lakini uzito wote huo umetuliwa kwenye ulimi uliolelewa usitaje. Kuna hukumu za zamani zilizodai mambo yasemwe waziwazi. Za karibuni zinakubali kwamba umri, malezi, dini na hadhira vinamfanya mtu aseme kwa tafsida, na kwamba hakimu ausome ushahidi kwa jicho hilo. Ninashukuru, ila sipendi kumwachia mtu akategemee jicho la hakimu.

Kumfundisha shahidi cha kusema siruhusiwi, wala sitaki. Ninachokifanya ni kumweleza chumba. Hakimu atakaa hapa, mshtakiwa pale, karani huyu ndiye anayeita majina. Watazamaji watatolewa nje, kwa kuwa sheria inataka ushahidi wa kesi hizi upokewe faragha. Kisha ninamwambia kwamba kila kiungo kina jina analolijua yeye, la kwao, la utotoni au la unyagoni, na jina hilo mahakamani si tusi. Watoto wa miaka kumi na minne kwenda chini hawahitaji hata kiapo. Tangu mabadiliko ya 2016 wanaahidi tu kusema kweli na kutosema uongo.

Na kuna jambo la lugha yenyewe. Kwa miaka mingi mama alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na rufaa ikaamuliwa kwa yale ya kwenye karatasi. Sijui "alinivunjia heshima" ngapi zilipotelea kwenye kalamu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kiingereza hakijahama chote, lakini sasa mama akisomewa maneno yake anaweza kusema, "Hapana, sikusema hivyo."

Bibi je? Kijana aliomba ahirisho. Siku iliyofuata alikuja mwendesha mashtaka mwanamke, mtu mzima, aliyejifunga kanga begani kabla chumba hakijafungwa. Mimi nilikuwa nje na wengine. Walikaa muda wa kupika wali. Bibi alipotoka alisema tu, "Yule ni mtu wa kusemeka naye," akaomba maji.

5. Hati yangu nzuri ya makubaliano

Hapa ndipo nilipokosa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mume alikuwa mtu wa ukoo wetu, namwita shemeji. Mke alikuja na jicho limevimba. Nikajiona hodari wa upatanishi. Nikaita wazee wa pande mbili, mjomba wa mke, shangazi wa mume. Nikaandika hati kwa mwandiko wangu mzuri: mume amekiri, mke amesamehe, hatarudia. Dole gumba hapa, dole gumba pale, mhuri wa mtendaji. Tukala pilau. Shangazi akanisifu, akasema mimi ni mwanamke mwenye busara.

Siku ya ishirini mke alirudi mkono umevunjika. Hakupitia kwangu, alikwenda polisi peke yake. Nililiona jina langu tena mahakamani, kwa maana upande wa mume ulitoa hati ileile: kama alikuwa anaumizwa kweli, mbona alisamehe mbele ya mashahidi?

Sikatai suluhu zote. Sheria ya mwenendo wa jinai inampa hakimu nafasi ya kuhimiza mapatano kwenye makosa madogo, kama shambulio la kawaida. Lakini nilipatanisha watu wasiolingana. Mmoja alikuja kwenye mkeka ule akiwa na hofu ya kurudi nyumbani, mwingine akiwa na hofu ya kuaibika, nami nikaziandika hofu hizo mstari mmoja. Wala sikuwasomea kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachosema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, mila iseme isemavyo. Leo ndicho ninachoanza nacho kikao. Wazee wengi wanadhani ni jambo la wanaharakati wa juzi. Nikiwaambia sheria ina zaidi ya nusu karne, wanatulia.

Kuhusu kubaka, mkeka hautandikwi kabisa. Mlalamikaji ni Jamhuri, na mjomba hana cha kusamehe hata akiletewa mbuzi watatu. Adhabu yake tangu sheria ya 1998 ni kifungo kisichopungua miaka thelathini. Zamani nilidhani ukali huo unamsaidia mwanamke. Sina uhakika tena. Mbakaji mara nyingi ni mtu wa karibu, na nimewahi kumsikia shangazi akimuuliza binti, "Unataka mtoto wa kaka yangu azeekee Maweni?" Kila mtu Tanga anajua Maweni ni gereza. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, na swali hilo alipewa ajibu yeye.

6. Anayelipa nauli

Kesi moja niliyoisindikiza, ya binti mmoja, iliitwa mara kumi na nne. Upelelezi haujakamilika. Hakimu yuko safarini. Shahidi hakutokea. Jalada liko kwa mwanasheria. Kila mara: nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili, chai, na siku moja ya biashara iliyolala. Nilianza kuandika kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa wa nyuma, na hesabu ilipita bei ya cherehani ya mtumba.

Mara ya tatu au ya nne niliona binti na mama yake hawalalamikii nauli tena. Nikafurahi. Baadaye nikagundua aliyekuwa akiwalipia ni baba mdogo wa mshtakiwa, tena akiwapeleka kwa gari lake, na njiani wakizungumza vizuri tu, kwa upole, juu ya ada ya shule.

Sasa kikundi chetu cha kuweka akiba kina mfuko wa nauli. Kila Jumamosi kila mwanachama anatia mia tano, hatuulizi itakwenda kwa nani. Ni hela kidogo. Imewafikisha watu wengi mahakamani kuliko semina zote nilizohudhuria.

7. Kaptula ya shule

Mama mmoja alileta kaptula ya mwanawe ya kutiwa kiraka. Haikuwa na tundu. Hili nilikuwa sijalitarajia, na nilichelewa kuelewa. Kwenye sheria yetu kosa la kubaka linamhusu mwanamke au msichana. La mvulana linashtakiwa kama kulawiti, na adhabu yake nayo ni nzito. Baba yake alitaka jambo lizikwe, mtoto asije akakosa mke. Tulipiga 116, namba ya huduma kwa mtoto, na kuanzia hapo hatukuwa peke yetu. Mengine ya mtoto yule siyaandiki.

8. Kumuuliza anataka nini, kisha kunyamaza

Semina zinanifundisha niseme "manusura". Ni neno zuri. Mimi nasema "mwenyewe", kwa kuwa ndilo linalonikumbusha shauri ni la nani. Mama muuza maandazi, nilipomuuliza anataka nini, hakusema jela. Alitaka asipigwe, apate hela ya unga, na asifukuzwe kwenye nyumba aliyoichotea maji ya kufyatulia matofali.

Vya kumpa havikuwa vingi. Kenya wana sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu 2015, Uganda tangu 2010. Sisi Tanzania Bara hatuna sheria moja ya namna hiyo. Mume akipiga, anashtakiwa kwa shambulio kama aliyempiga mtu sokoni. Hakimu anaweza kumzuia asimsumbue mkewe, lakini mpaka kuwe na shauri la ndoa mezani. Na mke akiniambia mumewe anamwingilia kwa nguvu, ninalazimika kumweleza kwamba Kanuni ya Adhabu haikiiti kitendo hicho kubaka ila kama wametengana. Ni sentensi ninayoichukia kuliko zote ninazozisema kwenye kazi hii.

Kwa nyumba nilikuwa na kitu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ninamsimulia Bi Hawa kila wiki, ninapotia uzi sindanoni. Huwa sifichi kipande cha pili: yeye mwenyewe hakutoka na kitu, kwani mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe aanzishie biashara ya familia alizitapanya. Mama Maandazi alicheka aliposikia. "Maskini Bi Hawa," akasema. "Katufungulia mlango, yeye kabaki nje."

Kisha akasema atafikiri. Akakunja gauni lake, akarudi kwa mumewe. Nilitaka kumzuia. Nilimuuliza tu usiku huo atalala wapi, nani ana ufunguo wa pili, na vyeti vya watoto viko wapi. Vyeti aliniletea kesho yake ndani ya beseni, chini ya maandazi, nikaviweka kwenye droo ya vifungo pamoja na bahasha.

9. Droo ilikaa na vyeti vile miaka miwili

Sikumtafuta. Nilinunua maandazi yake, nikamsalimia, akanisalimia. Wenzangu kwenye kikundi walisema nimempoteza. Mmoja alishauri niripoti bila ridhaa yake, tukabishana hadi usiku. Kama kungekuwa na mtoto anayeumizwa, nisingebishana.

Akaja mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, mchana haukumfaa. Hakuwa na uvimbe wala jeraha. Alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa reli, kalipa miezi mitatu. Ameshakwenda baraza la usuluhishi, wameshindwa kuwapatanisha, hati ya kushindwa anayo. Alitaka vyeti, na alitaka nimsaidie kuandika madai ya talaka na mgawanyo wa mali. Tukaandika kwa taa ya simu, umeme ulikuwa umekatika. Mahali pa kutaja mchango wake kwenye nyumba alinisimamisha, akahesabu ndoo kwa makadirio, safari za kisimani, miezi. Nikaandika zote.

Alipomaliza kutia sahihi akatoa gauni kwenye mfuko, lilelile la kwanza. Amekonda miaka hii, lilikuwa linamwelea mabegani.

"Fundi," akasema, "leo nipunguzie kweli."

Nikachukua futi.